Sarafu Zilivyofika Kitale na Bungoma, na Jinsi Zinavyosomwa

Katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na Mto Nzoia, sarafu ilikuja na kodi. Biashara ilikuwepo zamani kabla yake. Wahunzi wa Samia, kusini-magharibi mwa Bungoma ya leo, waliyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyosafiri mbali na tanuri zao. Jembe lilinunua nafaka na mbuzi, na katika jamii kadhaa liliingia hata kwenye mahari. Mali kubwa ya Wabukusu na Wasabaoti ilihesabiwa kwa ng'ombe. Upande wa Busoga na Buganda zilitumika kauri kutoka Bahari ya Hindi, zikatungwa kwenye kamba mia kwa mia ili zisihesabiwe moja moja kila mara. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilipoanza kupita Mumias, mahali wapagazi walipopaita Kwa Sundu, ilileta merikani, shanga na waya, ikarudi pwani na pembe za ndovu. Msafiri Joseph Thomson alipofika hapo mwaka 1883 alikuta kituo ambacho watu wa misafara walikijua vizuri.

Pwani kwenyewe walikuwa wamezoea fedha za kigeni. Riale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na kitu, ilifuliwa kwa mara ya kwanza Austria, ikaendelea kufuliwa katika miji mingi ya Ulaya na hata Bombay kwa zaidi ya karne moja, kila mara ikibeba tarehe ileile ya 1780. Baadaye rupia ya Uhindi ikaipiku. Zote mbili zilithaminiwa kwa fedha iliyomo ndani yake, na masonara wa Mombasa na Lamu waliyeyusha nyingi wakazifanya bangili na vikuku. Barani hazikuwa na kazi kubwa: mtu wa Mumias au Kimilili angeipokea rupia kama pambo, kwa kuwa hapakuwa na duka la kuipokea tena.

Sarafu ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya eneo ambalo baadaye liliitwa Kenya ni ile ya Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyopewa hati yake mwaka 1888. Rupia yake ina jua lililovikwa taji upande mmoja na mizani upande wa pili, pamoja na jina la Mombasa, mwaka 1888, na maandishi ya Kiarabu. Ilifuliwa na kiwanda cha Heaton mjini Birmingham, na ndiyo maana ina herufi H ndogo. Pesa za shaba za kampuni hiyohiyo zilifuliwa Calcutta. Mjumbe wa kampuni, Frederick Jackson, alifika kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Mumias, mwaka 1889 na mwaka uliofuata akapanda Mlima Elgon, lakini hata yeye alilipia chakula cha msafara wake kwa vitambaa na shanga. Kampuni ikaishiwa nguvu, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nafasi yake. Rupia yake ikabaki sarafu ya mwaka mmoja tu, jambo linaloifanya itafutwe sana na wakusanyaji.

Mwaka huohuo wa 1895 C. W. Hobley aliwekwa Mumias kuwa mwakilishi wa serikali, na kabla mwaka haujaisha majeshi ya Waingereza na washirika wao yalipigana na Wabukusu huko Lumboka na kwenye ngome ya Chetambe, juu ya Webuye ya leo. Baada ya vita ilifuata kodi ya nyumba. Wakati huo Bungoma na Trans Nzoia zilikuwa bado chini ya Uganda. Mpaka ulisogezwa tarehe 1 Aprili 1902, na wakazi wakajikuta upande wa Afrika Mashariki ya Kiingereza bila kuhama hata hatua moja. Miaka ya mwanzo maofisa walipokea majembe, mbuzi na siku za kazi badala ya fedha taslimu. Jembe la Samia, lililokuwa fedha ya wenyewe, likawa linakwenda boma kulipa deni la serikali. Lakini serikali haikutaka ghala lililojaa majembe. Ilitaka rupia, na rupia ilipatikana kwa njia mbili: kuuza mazao kwa wenye maduka, au kwenda kufanya kazi kwa mzungu. Kodi ikapanda kutoka rupia 3 mwanzoni mwa karne hadi rupia 5 wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha 8 mwaka 1920. Kuanzia 1910 wanaume wasiokuwa na nyumba walitozwa kodi ya kichwa.

Rupia moja ilikuwa fedha nyingi kwa mtu anayenunua chumvi au kiberiti. Ilipoamuliwa mwaka 1905 kwamba rupia igawanywe kwa senti 100 badala ya hesabu ya Kihindi ya ana na pesa, sarafu ndogo zilianza kufuliwa London na Birmingham kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda: senti 50 na 25 za fedha mwaka 1906, kisha senti 10 yenye tundu katikati. Senti moja ya mwaka 1907 na nusu senti ya 1908 zilifuliwa kwa alumini, madini ambayo wakati huo yalikuwa mageni kabisa katika sarafu za dunia. Jaribio hilo halikufaulu. Alumini ililiwa na unyevu na jasho, ikabadilika sura, na kufikia 1909 ikabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Senti za alumini zilizosalia bila kuharibika ni chache, na anayezikusanya hutambua haraka kwamba sarafu iliyokuwa duni kuliko zote inaweza kuwa ngumu kuipata kuliko rupia ya fedha.

Tundu lilikuwa wazo zuri. Mtu asiyevaa nguo yenye mfuko aliweza kuzitunga senti zake kwenye uzi, kama vile kauri zilivyotungwa zamani. Kulizunguka tundu hilo mchoraji aliweka pembe za ndovu zilizopinda, bidhaa ileile iliyoileta misafara Mumias. Tundu lilikuwa na matokeo mengine ambayo waliolibuni hawakuyapanga: hapakuwa na nafasi ya sura ya mfalme. Jina lake liliandikwa ukingoni tu. Basi Edward wa Nane alipotawala kwa miezi isiyotimia mwaka mmoja na kujiuzulu Desemba 1936, kabla sura yake haijaingia kwenye sarafu za kawaida za Uingereza, senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zenye jina lake zilikuwa tayari zimefuliwa kwa wingi na kupelekwa madukani. Sarafu ya mfalme ambayo Mwingereza hakuipata mfukoni mwake ilinunua sukari Bungoma. Hadi leo ni miongoni mwa vitu vya bei nafuu ambavyo mkusanyaji anayeanza anaweza kuvipata, na vina historia ndefu nyuma yake.

Kipindi kilicho kizito kuliko vyote katika habari hizi ni miaka ya 1920 hadi 1922, na kinastahili kuelezwa polepole. Kabla ya vita, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Rupia moja ilikuwa shilingi moja na peni nne. Wakati wa vita bei ya fedha duniani ikapanda, na rupia, kwa kuwa ilikuwa ya fedha, ikapanda nayo. Mwanzoni mwa 1920 serikali ikaifunga kwenye shilingi mbili. Kwa walowezi waliokopa katika benki kwa rupia, deni lilikuwa limeongezeka kwa nusu nzima lilipopimwa kwa pauni, huku mahindi na kitani chao vikiuzwa Ulaya kwa pauni. Wengi wa waliopewa mashamba Trans Nzoia chini ya mpango wa wanajeshi wa mwaka 1919 walikuwa ndio kwanza wamekopa. Walilalamika kwa sauti kubwa, na njia waliyoipendelea ya kujiokoa ilikuwa kupunguza mishahara ya vibarua kwa theluthi moja.

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London Desemba 1919, ikaamua kuiondoa rupia na kuleta florini, iliyokuwa na thamani ya shilingi mbili na kugawanywa kwa senti 100. Florini ilifuliwa kwa tarehe ya 1920. Yenye tarehe ya 1921 ni adimu sana, kwa sababu kabla watu hawajaizoea uamuzi ulibadilishwa tena. Kuanzia tarehe 1 Januari 1922 fedha ya nchi ikawa shilingi, nayo pia yenye senti 100. Rupia, florini na shilingi zilipita katika mikono ya mkulima yuleyule ndani ya miaka miwili.

Sarafu zenyewe ndizo zinazosimulia vizuri kilichotokea. Senti 50 ya mwaka 1920 imeandikwa thamani mbili: senti hamsini, na shilingi moja. Senti 50 ya mwaka 1921 nayo imeandikwa thamani mbili: senti hamsini, na nusu shilingi. Tarehe zimepishana kwa mwaka mmoja, jina ni lilelile la senti hamsini, lakini thamani imepungua kwa nusu. Mabadiliko hayohayo yamo kwenye senti za tundu. Senti 10 ya 1920 ni nyeupe, ya shaba na nikeli, nayo ni sehemu ya kumi ya florini. Ile iliyofuata ni ya rangi ya kahawia, ya bronzi, nayo ni sehemu ya kumi ya shilingi. Mtu aliyekuwa hajui kusoma Kiingereza wala hesabu za London alitakiwa kutofautisha hizi mbili kwa rangi tu, kisha akubali kwamba ya pili ina nusu ya thamani ya ya kwanza. Waalimu wa historia hupitisha saa nzima wakieleza mgogoro huu kwa takwimu. Sarafu mbili zilizowekwa kando kwa kando juu ya meza hufanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Kodi haikungoja watu waelewe. Rupia 8 za 1920 ziliandikwa upya kuwa florini 8, kisha shilingi 16. Malalamiko juu ya kodi hiyo, pamoja na mishahara iliyopunguzwa na kipande, yaani kitambulisho cha kibarua, kilichoanza kutolewa kwa nguvu mwaka 1919, ndiyo yaliyomwinua mwanaharakati Harry Thuku mjini Nairobi, na magharibi yakazaa Young Kavirondo Association na mkutano wake wa Lundha wa Desemba 1921. Serikali ikaipunguza kodi hadi shilingi 12. Hata baada ya punguzo hilo, kibarua wa shamba la mahindi alitoa mshahara wa mwezi mzima au zaidi kulipa kodi ya mwaka.

Mashamba ya Trans Nzoia yaliendesha maisha kwa shilingi hiyo kwa miaka arobaini. Upande mmoja ulikuwa na sura ya mfalme, upande wa pili simba amesimama mbele ya milima. Kibarua alitembea na kipande shingoni ndani ya kikebe cha bati na senti zake kwenye kamba. Reli ya Kitale ilipofunguliwa mwaka 1926, mahindi yalipata njia ya kutoka, na maduka ya Wahindi yakaongezeka. Reli kuu ikapita Broderick Falls, yaani Webuye, na Bungoma kuelekea Tororo mwishoni mwa muongo huo. Kila stesheni ikawa mahali sarafu zinapoingia vijijini. Senti 10 ya bronzi ilikuwa pana kuliko shilingi, na mtoto aliyetumwa dukani angeweza kudhani kwamba kubwa ndiyo yenye thamani. Haukupita muda akajua si hivyo.

Kwa mkusanyaji, shilingi hizi zinahitaji jicho la karibu. Zile za 1921 hadi 1946 zina fedha robo moja. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ingawa ukubwa na picha ni vilevile. Herufi ndogo hueleza zilikofuliwa: H ni Heaton, KN ni Kings Norton, zote Birmingham. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, meli za Uingereza zilipokuwa zikizamishwa, kazi ilipelekwa karibu zaidi, na ndipo zikatokea sarafu zenye SA za Pretoria na I za Bombay. Jina la mfalme nalo lilibadilika. Kabla ya 1948 liliambatana na cheo cha Mfalme Mkuu wa Uhindi kwa ufupisho wa Kilatini. India ilipojitawala mwaka 1947 cheo hicho kikafutwa. Mtu anaweza kukaa Tuwan, mtaa wa Kitale, asiende Delhi wala London, akaona uhuru wa India kwenye ukingo wa sarafu aliyoachiwa na babu.

Mwaka 1964, Kenya, Uganda na Tanganyika zikiwa huru, zilitolewa senti 5 na 10 za mwisho za Afrika Mashariki bila jina la malkia. Benki Kuu ya Kenya ilianzishwa 1966, na sarafu zake za kwanza, kuanzia senti 5 hadi shilingi 2, zilikuwa na sura ya Jomo Kenyatta. Tundu likaishia hapo. Uso wa rais haungeweza kutobolewa. Mwaka 1969 yaliongezwa maneno ya kumtambulisha kuwa rais wa kwanza. Sura ya Daniel arap Moi ilifuata kuanzia 1980, kisha shilingi 10, 5 na 20 za madini mawili katika miaka ya 1990, na shilingi 40 ya mwaka 2003 yenye sura ya Mwai Kibaki, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote kwenye fedha za Kenya. Utekelezaji ulichukua muda: sarafu mpya zilizinduliwa Desemba 2018, twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Simba wa Bodi ya Sarafu alirudi, safari hii bila mfalme nyuma yake.

Maarifa ya kuzitambua sarafu yana historia yake. Waalimu wa kwanza katika nchi hii walikuwa watu wa kazi. Mwenye duka aliigonga rupia kwenye kaunta akasikiliza mlio: fedha halisi huimba, risasi iliyopakwa rangi hutoa sauti butu. Sonara alipima kwa mizani na jiwe la kujaribia. Karani wa kodi alijua tarehe ambayo sarafu fulani ilikoma kupokewa, na ujuzi huo ulikuwa na faida kwake kuliko kwa anayelipa. Shule za misheni, kuanzia Marafiki (Quakers) walioingia Kaimosi mwaka 1902 hadi Wakatoliki wa Kibabii, zilifundisha hesabu za shilingi na senti, na baada ya uhuru madarasa ya ngumbaru, hasa kampeni ya kisomo ya 1979, yaliwapa watu wazima uwezo wa kusoma risiti na noti. Hayo yote yalikuwa elimu ya kutumia sarafu. Elimu ya kuichunguza kama ushahidi wa historia ilikuwa mbali.

Ilikokuwa, ilikuwa imekomaa. Mjini Vienna, Joseph Hilarius Eckhel alishika kiti cha uprofesa mwaka 1775 na kuupanga upya uchunguzi wa sarafu za kale, na chuo kikuu cha mji huo kina idara kamili ya taaluma hii hadi leo. London ilipata chama chake cha wataalamu mwaka 1836, New York mwaka 1858. Chama cha New York, American Numismatic Society, kimeendesha semina ya kiangazi kwa wanafunzi wa vyuo vikuu tangu 1952, wakishika sarafu halisi mikononi kwa wiki kadhaa. American Numismatic Association, iliyoundwa 1891, iliwafikiria zaidi wakusanyaji wa kawaida: tangu 1969 hufanya masomo ya kila kiangazi huko Colorado Springs, na imekuwa na kozi za kusomea nyumbani zinazofundisha kupima hali ya sarafu na kutambua bandia. Karani wa benki, fundi na mstaafu hukaa darasa moja na profesa.

Uchunguzi wa sarafu za Afrika Mashariki nao ulianza zamani, lakini uliegemea pwani. John Walker wa British Museum aliandika juu ya sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936. Baadaye G. S. P. Freeman-Grenville na Helen Brown waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 1984 zaidi ya sarafu 2,000, nyingi zikiwa za fedha na ndogo mno, zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 2013 timu iliyomjumuisha Mkenya Chapurukha Kusimba ilitangaza kupatikana kwa sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle katika kisiwa cha Manda, Lamu. Ni habari za kusisimua, na ni haki zipewe nafasi. Hata hivyo mvuto wake umewafanya wengi waamini kwamba bara haina sarafu za kusomwa. Senti iliyofukuliwa shambani Kiminini, Trans Nzoia, yenye kutu na tarehe ya 1922, haiandikwi magazetini, ingawa inaeleza mambo mengi kuhusu maisha ya mababu wa watu wanaoishi hapo kuliko dinari ya Kilwa.

Kitale ina msingi ambao miji mingi ya Kenya haina. Mwanajeshi mstaafu Hugh Stoneham alianzisha makumbusho ya binafsi hapo mwaka 1926, akikusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya jamii za eneo hilo. Alipofariki mwaka 1966 aliusia mkusanyiko huo na fedha za kujenga jengo jipya, nalo likafunguliwa Desemba 1974, likiwa la kwanza kati ya makumbusho ya serikali ya bara nje ya Nairobi. Stoneham alikuwa mtu wa vipepeo na si wa sarafu, lakini nidhamu yake ndiyo inayohitajika: kila kielelezo kiwe na kadi inayosema kilipatikana wapi, lini, na kwa nani. Sarafu bila habari hizo hupoteza nusu ya faida yake kwa historia, hata ikiwa inang'aa.

Kozi nzuri ya sarafu kwa mtu wa Tuwan, mtaa wenye watu wengi wa jamii mbalimbali katika eneo bunge la Saboti, au kwa mwanafunzi wa Bungoma, ingefuata mpangilio wa historia hii yenyewe. Vifaa si ghali: lenzi ya kukuzia, rula, sumaku, na mizani ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Rupia halisi ya Uhindi ina uzito wa gramu 11.66, shilingi ya Bodi ya Sarafu ina gramu 7.8 hivi. Sumaku hunasa shilingi za chuma kilichopakwa nikeli za miaka ya karibuni, na huziacha zile za zamani za shaba na nikeli. Katika somo moja tu mwanafunzi hutenganisha bandia nyingi za riale na rupia zinazouzwa kwa wageni, kwa kuwa waghushi huiga picha kwa ustadi lakini uzito huwashinda.

Somo la pili liwe la kutosafisha. Hasara kubwa kuliko zote hufanywa na mwenye sarafu mwenyewe, anayeisugua kwa majivu, ndimu au dawa ya meno ili ing'ae. Bronzi hupata ngozi yake ya kahawia kwa miongo mingi, na ikiondolewa hairudi. Mnunuzi mwenye ujuzi huikataa sarafu iliyosuguliwa au huipunguzia bei sana. Vijaluba vya plastiki laini pia ni hatari: baada ya miaka hutoa majimaji ya kijani yanayoula uso wa sarafu. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi inatosha, ikae mahali pakavu, jambo gumu kidogo katika mvua za Kitale.

La tatu ni bei, na hapa wengi hupotea kwa kuanzia mwisho. Kuna uvumi unaozunguka mijini na kwenye simu kwamba sarafu ya zamani, hasa yenye sura ya Kenyatta au yenye tundu, inanunuliwa kwa mamilioni. Uvumi huo umewapotezea watu fedha zao, kwa kuwa anayedai kununua kwanza huomba ada ya usajili. Ukweli hauna mvuto huo. Senti za tundu zilifuliwa kwa mamilioni, na nyingi hazina bei kubwa. Zenye bei huwa ni za tarehe fulani, kutoka kiwanda fulani, katika hali iliyo karibu na upya, na tofauti hizo hujulikana kwa katalogi na kwa kuziangalia nyingi. Aliyesoma miezi sita kabla ya kununua chochote hupoteza kidogo kuliko aliyenunua kwanza akasoma baadaye.

Shule hazihitaji mtaala mpya ili kuanza. Somo la historia la sekondari tayari linagusa kodi na kipande, na nyumba nyingi za Bungoma na Trans Nzoia zina kopo la senti kuukuu mahali fulani. Kikundi cha wanafunzi kinaweza kuziorodhesha kwa tarehe, herufi na madini, pamoja na maelezo ya mzee aliyezihifadhi, na orodha hiyo ingekuwa nyaraka ya kweli ya kaunti. Kazi hiyo haingoji, kwa sababu waliolipa kodi ya shilingi kwa mikono yao wamebaki wachache.

Sheria nayo ni sehemu ya somo. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 ni cha kale kinacholindwa, na kukifanyia biashara au kukitoa nchini kunahitaji kibali. Rupia ya Mombasa ya 1888 imo ndani ya mpaka huo, na riale iliyoingia na misafara ya Mumias pia. Senti za tundu na shilingi za simba hazimo. Aliyefukua sarafu ya kale shambani asiisafishe wala asiiuze njiani. Aandike mahali alipoipata, aiache kama ilivyo, na aende kutoa taarifa Makumbusho ya Kitale, kwenye barabara ya Eldoret.